Amana ya Sura: Maadili ya Kuhama Programu ya Kuhariri Picha

Swali la iwapo mpigapicha aiache programu aliyoizoea ya kuhariri picha na kuhamia nyingine huchukuliwa kwa kawaida kuwa swali la bei, la kasi ya kompyuta na la mazoea ya mkono, na wanaolijibu hulinganisha uwezo wa programu hii na ile, kisha huamua. Chini ya hesabu hiyo limelala swali la zamani zaidi, ambalo mafakihi, wanateolojia na wanafalsafa walilijadili kwa karne nyingi kabla ya kompyuta kuwapo: anayetunza mali ya mwenziwe anawajibika kwa kiasi gani, na mali hiyo inapokuwa sura ya mtu, hasa mtu aliyekwisha kufa, wajibu huo unafika wapi. Makala haya yanadai kwamba uwezo wa kuhama ni sehemu ya uaminifu wenyewe, na kwamba mtunzaji asiyeweza kuondoka na alichokabidhiwa amekwisha kupungukiwa katika utunzaji wake, hata kama hajapoteza kitu.

Dai hilo linaweza kupimwa vizuri Kamalondo, mojawapo ya komini saba, yaani wilaya za utawala, za mji wa Lubumbashi, Katanga, nchini Kongo. Mji huo ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na Kamalondo, iliyoitwa Albert enzi za ukoloni, ni kati ya mitaa ya mwanzo iliyopangwa kwa ajili ya Waafrika na kutengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mpana wa ardhi. Ni mtaa wa watu walioletwa na migodi na reli kutoka pande nyingi, ambao wengi wao waliacha makaburi ya wazee wao mbali, na katika mtaa wa namna hiyo picha hubeba mzigo ambao kijijini ungebebwa na mahali penyewe. Ubatizo, komunyo ya kwanza, harusi, kupokea shahada na matanga, yote huacha picha. Na ile picha kubwa ya marehemu inayosimamishwa mbele ya waombolezaji mara nyingi hukatwa kutoka katika picha ya harusi au ya sikukuu, ikatolewa watu waliosimama kando, ikasafishwa, na kupewa mandhari mapya. Kazi hiyo hufanywa ndani ya programu, na mpigapicha anayefikiria kuiacha programu hiyo anafikiria pia, ajue asijue, hatima ya sura hizo.

Ili hoja ieleweke, ni lazima kueleza kwanza picha ya leo ni kitu gani. Kamera inapopiga picha katika hali ghafi, yaani bila kuigeuza papo hapo kuwa picha iliyokamilika, huandika vipimo vya mwanga vilivyosomwa na kihisi, kile kibapa kilichochukua nafasi ya filamu. Vipimo hivyo havina rangi kamili bado, kwa sababu katika kamera nyingi kila kituo cha kihisi hupima rangi moja tu kati ya nyekundu, kijani na samawati, na programu ndiyo inayokisia mbili zilizobaki kwa kutazama vituo vya jirani. Baada ya hapo mhariri huongeza mwanga usoni, hupunguza ung'avu wa paji la uso, hurekebisha weupe wa shela. Lakini katika programu kama Lightroom, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2007, au darktable, programu huria iliyoanza mwaka 2009, hakuna hata moja ya kazi hizo inayoligusa faili ghafi. Programu huandika maelekezo pembeni, kwamba mwanga uongezwe kiasi hiki na kivuli kifunguliwe kiasi kile, na kila picha inapofunguliwa huyatekeleza upya. Utaratibu huo huitwa uhariri usioharibu, na ni utaratibu mzuri, kwa kuwa kosa la leo linaweza kufutwa kesho.

Lakini matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Picha iliyohaririwa hivyo, ambayo mteja ameiona kwenye kioo cha kompyuta na kuikubali, haipo mahali popote ikiwa kamili: kuna vipimo vya kihisi, kuna maelekezo, na kuna programu inayojua kuyasoma, na mojawapo ya hizo tatu ikikosekana picha ile haionekani tena kama ilivyoonekana. Maelekezo ya Lightroom hayaeleweki kikamilifu na programu nyingine. Darktable hujaribu kutafsiri baadhi yake, kama vile mkato wa kingo na kiwango cha mwanga, na matokeo hukaribia tu. Maneno ya utambulisho na alama za ubora huhama salama, ila ule uamuzi wa mkono wa mhariri, ambao ndio mteja aliulipia, hubaki nyuma.

Hali hiyo ingekuwa jambo la mafundi tu kama programu zenyewe zingekuwa vitu vya kununuliwa na kumilikiwa. Photoshop ilipotoka mwaka 1990, na kwa zaidi ya miaka 20 iliyofuata, mnunuzi alilipa mara moja akakaa na toleo lake mpaka kompyuta ichakae. Mwezi wa Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya yangepatikana kwa malipo ya kila mwezi peke yake, na mpango wa wapigapicha, uliounganisha Photoshop na Lightroom, ukauzwa kwa miaka mingi kwa dola 9.99 kwa mwezi. Kiasi hicho si kikubwa machoni pa mtu wa Brussels. Kwa studio ya Kamalondo, inayolipwa kwa faranga za Kongo au dola za noti kulingana na mteja, ambayo mteja wake hutuma malipo kwa M-Pesa au Airtel Money, na ambayo umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, huweza kukatika katikati ya kazi, kikwazo cha kwanza huwa kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, na kikwazo cha pili ni kwamba malipo hayasubiri msimu wa harusi. Wala kampuni haihitaji kupandisha bei ili kumhamisha mtu: mwaka 2014 Apple ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Aperture, programu iliyokuwa imetoka mwaka 2005, na watu waliokuwa wameweka humo kazi ya miaka tisa wakatakiwa kutafuta pa kwenda.

Hapa ndipo dhana ya amana inapohitajika. Amana ni kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akitunze na kukirudisha kinapotakiwa, pasipo kuwa chake. Katika fikihi ya Kiislamu, yaani elimu ya sheria za dini, kitu hicho huitwa wadia, na kina mlango wake mzima. Sheria ya Kirumi, ambayo kupitia Ubelgiji imeacha alama katika sheria za Kongo, ina mlango unaofanana nao. Na mafundisho ya Kikristo juu ya uwakili yanakwenda njia iyo hiyo. Katika mapokeo ya fikihi kuna kanuni mbili zinazogusa jambo letu moja kwa moja. Ya kwanza ni kwamba mtunzaji hatozwi fidia kwa hasara iliyotokea bila uzembe wake: moto ukiteketeza studio pasipo kosa la mwenye studio, hadaiwi. Ya pili ni kwamba mtunzaji akikiweka kitu hicho kwa mtu wa tatu bila ruhusa ya mwenyewe na bila dharura, mafakihi wengi humhesabu kuwa amevunja amana, na hasara ikitokea kule, hata bila uzembe wa yule wa tatu, yeye atalipa. Sababu waliyoitoa inaeleweka kwa urahisi: mwenye mali aliridhia mkono mmoja, na mkono mwingine hakuujua.

Je, mpigapicha anayetumia programu ya kukodi ameweka sura za wateja wake kwa mtu wa tatu? Anaweza kujitetea, na utetezi wake usipuuzwe. Faili ghafi zimo katika diski yake, ndani ya studio yake, wala hazikutumwa popote. Zaidi ya hayo, Lightroom Classic, malipo yakisimama, bado hufunguka, huonyesha picha na kuruhusu nakala zilizokamilika zitolewe. Kinachofungwa ni chumba cha uhariri. Photoshop ni kali zaidi, kwani haifunguki. Kwa hiyo anayesema kwamba kampuni imezishika picha mateka anatia chumvi, na hoja ya maadili haisaidiwi na chumvi. Kilichowekwa kwa mtu wa tatu ni kitu kingine: ni uwezo wa kuzisoma kazi alizozifanya na kuziendeleza. Mjane akirudi baada ya miaka sita akitaka picha ileile ya marehemu mumewe, ila sasa ifanywe kubwa na mandhari yabadilishwe, jibu la mpigapicha linategemea ruhusa ambayo mjane hakuijua na ambayo huenda mpigapicha mwenyewe alishasahau kwamba ni ruhusa.

Wapo watakaosema kwamba picha si mali ya uzito huo, kwa kuwa mteja alikwisha kupewa nakala ya karatasi akaondoka. Kulijibu pingamizi hili kunahitaji kuuliza heshima inayotolewa kwa picha huishia wapi, na dini zimeliuliza swali hilo kwa ukali kuliko falsafa. Katika mgogoro wa sanamu uliolitikisa Kanisa la Mashariki katika karne ya 8, Yohane wa Damasko, mtawa aliyeishi chini ya utawala wa Waislamu na kwa hiyo nje ya mkono wa maliki wa Konstantinopoli aliyezipiga marufuku picha takatifu, alitetea picha hizo kwa hoja iliyotoka kwa Basili wa Kaisaria, kwamba heshima inayopewa picha haibaki katika ubao na rangi, humwendea yule aliyechorwa. Mtaguso wa pili wa Nikea wa mwaka 787 uliikubali hoja hiyo na kuitenganisha heshima na ibada. Ikitumiwa nje ya kanisa, hoja hii ina pande mbili. Inamwonya mpigapicha asiipende kazi ya programu yake kuliko mtu aliyemo ndani ya picha, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko linavyokubaliwa. Na inamkumbusha kwamba uzembe juu ya picha nao hauishii katika ubao na rangi.

Upande wa Uislamu, kamera ilipoenea, Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa mufti wa Misri katika miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika risala akiihalalisha, kwa hoja kwamba mpigapicha haumbi wala haigi uumbaji, hukifunga tu kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Hoja hiyo ni nzuri kwa kamera, ila uhariri unaibana: anayekiongezea kivuli weupe, au anayekitoa kivuli cha mtu kando ya mtu mwingine, hafungi tena kivuli kilichokuwapo. Hata hivyo haifuati kwamba amefanya ubaya. Inafuata tu kwamba amekuwa mshiriki katika sura ile, na mshiriki hawezi kujificha nyuma ya mashine.

Ushiriki huo una jina Lubumbashi. Katika miaka ya 1970, mtaalamu wa anthropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha mji huo, pamoja na Ilona Szombati-Fabian, walichunguza michoro iliyouzwa kwa familia za wafanyakazi ili itundikwe ukutani, wakaona kwamba wachoraji na wanunuzi wenyewe waliigawa kwa makundi waliyoyataja kwa Kiswahili, na kwamba kundi lenye uzito kuliko yote ni ukumbusho, yaani kitu kinachoifanya kumbukumbu ifanye kazi. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947 na ambaye kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100 za historia ya nchi, hakudai kwamba mchoro wake ulifanana na tukio kama kioo; alidai kwamba ulilifikirisha. Mchoro uleule wa bendera ya Ubelgiji, askari na mfungwa ulichorwa mara nyingi kwa wanunuzi wengi, na hakuna aliyeona kwamba nakala ya pili ilikuwa na ukweli mdogo kuliko ya kwanza.

Kipimo hiki cha ukumbusho kinampa mpigapicha anayehama uhuru ambao wapenda usahihi wa kiufundi hawampi. Programu mpya haitatoa picha ileile, pikseli kwa pikseli. Kivuli cha shingo kitakuwa kizito kidogo, shela itaegemea umanjano. Ikiwa wajibu ungekuwa kuhifadhi kila pikseli, kuhama kungekuwa haramu. Lakini ikiwa wajibu ni kuhifadhi uwezo wa picha kumkumbusha mtu mtu wake, tofauti hizo zinavumilika, isipokuwa moja.

Tofauti isiyovumilika kirahisi ni ya ngozi. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilizigawia maabara za kusafishia filamu kadi za kulinganishia rangi zilizokuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na maabara zilirekebisha mashine zao mpaka ngozi ya mwanamke huyo ionekane sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameonyesha kwamba msukumo wa kuboresha filamu ili isome vizuri rangi za kahawia ulitokana kwa sehemu na malalamiko ya watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao bidhaa zao hazikutokea vizuri. Uso wa mtu mweusi ulifaidika kwa kupitia mlango wa kabati. Mtu anaweza kucheka. Ila somo lake kwa leo ni zito, kwamba hakuna chombo cha picha kinachoanza bila hukumu. Kila programu ina jedwali lake la kuvigeuza vipimo vya kihisi kuwa rangi, na jedwali hilo lilitengenezwa na watu waliochagua ngozi ya kahawia iegemee wekundu au umanjano, na kivuli chini ya shavu kifunguke au kizibe. Mhariri anayeanza na jedwali hilo kila siku huacha kuliona, kama vile muumini huacha kuyaona mapokeo aliyozaliwa ndani yake mpaka akutane na mapokeo mengine.

Kwa sababu hiyo, siku za kwanza ndani ya programu mpya zina thamani ambayo haimo katika orodha yoyote ya uwezo. Mpigapicha akifungua faili ghafi ileile katika Lightroom, katika darktable na katika Capture One, huona nyuso tatu za mtu mmoja, na kwa mara ya kwanza analazimika kuuliza ipi ndiyo ya mtu yule, swali ambalo programu moja peke yake ilikuwa ikimjibia kimyakimya. Huenda akagundua kwamba weupe aliodhani wateja wake wanaupenda ulikuwa weupe wa jedwali. Huenda pia akagundua kwamba ulikuwa ni wake mwenyewe. Mteja anayeomba uso wake ung'arishwe ana haki ya kusikilizwa, lakini uso uliong'arishwa bila kuombwa, kwa sababu tu kitelezi kilisimama pale kilipozoea kusimama, ni jambo lingine, na hakuna adabu ya amana inayoliruhusu.

Je, picha iliyohamishwa ni ileile? Wanafalsafa wana mfano wa merikebu ya Theseus, iliyobadilishwa mbao moja baada ya nyingine, lakini Kamalondo haina haja ya kuagiza merikebu. Uwanja wa mpira uliofunguliwa hapo mwaka 2011 ni wa TP Mazembe, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto kwa jina la Saint-Georges, ikawa Saint-Paul, ikawa Englebert kwa jina la kampuni ya matairi, na ilikuwa bado Englebert ilipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Mashabiki huyahesabu makombe hayo kuwa ya Mazembe bila kusita, kwa kuwa watu wanaosimulia habari zake hawakukatika. Placide Tempels, Mfransisko Mflemishi aliyefanya kazi Katanga na ambaye kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilichapishwa Élisabethville mwaka 1945, angesema kwamba kosa ni kukitafuta kitu nje ya mahusiano yake, kwa sababu kwa Waluba aliowaeleza, kuwapo ni nguvu, na nguvu hukua au hupungua kwa kuhusiana na nguvu nyingine. Mwanafalsafa Paulin Hountondji na wengine walimkosoa kwa haki kwamba aliliwekea taifa zima falsafa moja ambayo hakuna mtu mmoja aliyeitia sahihi. Ukosoaji huo ukikubaliwa, bado wazo lenyewe linaweza kutumiwa kwa unyenyekevu, bila kulitwisha Uafrika wote: sura ya marehemu inabaki yake kwa kadiri inavyobaki kati ya watu wanaomdai kuwa wao, na programu ni daraja tu katika uhusiano huo.

Daraja linaweza kuishia upande usiofaa wa mto, na Katanga inalijua jambo hilo kuliko sehemu nyingi. Picha alizopiga François Michel katika msafara wa Charles Lemaire uliopita Katanga kati ya 1898 na 1900 zinahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, na watu waliopigwa hawakuulizwa wala hawakupewa nakala. Picha za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906 na kutaifishwa kuanzia mwaka 1967, zilikuwa za kampuni, na zikarithiwa na kampuni ya serikali, Gécamines, pamoja na majengo. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na ambaye ni kati ya waanzilishi wa Rencontres Picha, tamasha la sanaa lililoanza mwaka 2008 na kuwa bienale ya mji huo, alizichukua picha za aina hiyo, akawakata watu waliomo na kuwasimamisha mbele ya magofu ya viwanda aliyoyapiga mwenyewe, katika mfululizo unaoitwa Mémoire alioufanya katikati ya miaka ya 2000. Kazi hiyo haiwezekani bila programu ya kuhariri, na kwa kipimo cha Bakhit ni uzushi mtupu wa kivuli, kwa kuwa watu wale hawakusimama kamwe mbele ya vyuma vile vilivyooza. Kwa kipimo cha ukumbusho ni kinyume: walitolewa katika hifadhi ambamo walikuwa hesabu ya nguvu kazi, wakarudishwa mahali ambapo wajukuu wao wanaweza kuwauliza maswali. Mtu anayeona ubaya wa sura za mababu kukaa Tervuren, kisha haoni neno katika sura za wateja wake kusomeka kwa ruhusa ya kampuni ya California, hajafikiri mpaka mwisho, ingawa tofauti ya mabavu kati ya hali hizo mbili ni kubwa na isifichwe.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi huifuata bila kuijadili, yaani nakala iliyovunjwa kufuli, inayopita mkononi mwa watu ndani ya flashi. Utetezi wake wa kawaida ni umaskini, nao una asili ya heshima: Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba mwenye haja kubwa ya dharura anayechukua cha mwingine ili aokoe maisha hafanyi wizi. Lakini Aquinas alizungumzia haja isiyo na njia nyingine, na hapa njia nyingine ipo. GIMP, programu huria ya kuhariri picha, ilitolewa mwaka 1996 na wanafunzi wawili wa Berkeley. Darktable na RawTherapee hupatikana bila malipo na kwa halali, na hufanya kazi bila intaneti, jambo lisilo dogo pale mtandao unapopotea pamoja na umeme. Tena nakala iliyovunjwa haimtoi mtu utumwani, humfanya mtumwa asiye na mkataba: maelekezo yake bado yanasomeka na programu ileile tu, na siku mfumo wa kompyuta utakapobadilika hana wa kumlalamikia.

Hata hivyo programu huria isifanywe dini. Richard Stallman, aliyetangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, aliweka msingi kwamba mtumiaji awe huru kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, na uhuru wa kuichunguza ndio wenye uzito kwa amana, kwa kuwa maelekezo yaliyoandikwa na programu ambayo undani wake uko wazi yanaweza kusomwa na fundi yeyote atakayekuja, hata waandishi wa kwanza wakitoweka. Lakini uhuru huo hulipiwa kwa muda. Darktable ni ngumu, maelezo yake mengi yamo katika lugha ambazo mwanagenzi wa Kamalondo hakusomea, na wiki anazopoteza mtu akijifunza ni wiki za kodi ya chumba. Anayeamua kuendelea kulipa kila mwezi huku akitoa nakala zilizokamilika za kila kazi anaitunza amana vizuri kuliko anayehama kwa kishindo na kuacha faili nyuma. Kile kinachotolewa bure nacho si lazima kiwe huru: Google ilizitoa bure programu za kuhariri picha za Nik mwaka 2016, na mwaka uliofuata ziliuzwa kwa kampuni ya DxO, zikawa za kulipiwa tena; nayo programu ya Affinity, iliyonunuliwa na kampuni ya Canva mwaka 2024, ilianza mwaka 2025 kutolewa bila malipo kwa wenye akaunti ya Canva, na zawadi ya namna hiyo hudumu kwa kadiri mtoaji anavyopenda.

Anayeamua kuhama basi ana wajibu wa mpangilio, na mpangilio huo haufuati tarehe. Picha za waliokufa hutangulia, kwa kuwa walio hai wanaweza kupigwa tena. Hutolewa katika umbo lisilopoteza taarifa, kama vile TIFF, ambalo huigandisha hukumu ya mhariri, na kuwekwa pamoja na faili ghafi ili mhariri mwingine aweze kuanza upya. Baada yao huja harusi na ubatizo, kisha kazi za matangazo, ambazo mara nyingi hazina wa kuzililia. Mafakihi walisema pia kwamba mtunzaji anapohisi kifo kinakaribia hana budi kuzitaja amana zilizo kwake, na asipozitaja huenda zikadaiwa katika mirathi yake. Kwa mpigapicha wa leo kutaja huko kunataka maneno ambayo wasia wa zamani haukuyahitaji: diski ipi, neno la siri lipi, na programu ipi inayosoma nini, kwa sababu akaunti inayolipiwa kwa kadi yake hufungwa pamoja na kadi hiyo.

Linabaki kundi ambalo kanuni za zamani hazilitoshelezi. Katika kila diski ya studio kuna watu wasiojulikana tena, waliopigwa picha wakalipa nusu, au waliohama mtaa, au waliokuja na mtu ambaye naye hayupo. Fikihi ina njia kwa amana ambayo mwenyewe ametafutwa na hakuonekana: hutolewa sadaka kwa niaba yake. Sura haiwezi kutolewa sadaka, wala kuuzwa bila kumdhalilisha aliyepigwa, na kuifuta ni kumhukumu mtu kwamba hatatafutwa na yeyote. Kwa hiyo mpigapicha hubaki na deni lisilo na wa kulipokea, na faili hizo huhama pamoja naye kwenda katika programu ya pili na ya tatu, zikimlia nafasi katika diski aliyoinunua kwa dola zake.